Kompyuta Inayougua Nyumbani Tu

"Haina kitu," fundi alisema, akaliweka kasha la kompyuta juu ya meza kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. "Nimekaa nayo tangu Jumatatu, haijazimika hata mara moja. Nimeibadilishia feni, nimeibadilishia kumbukumbu, nimekagua programu moja moja. Mama Pacha, mashine yako ni nzima kuliko mimi."

"Na ikizimika leo?"

"Ikizimika leo basi haipendi kukaa na wewe."

Alicheka peke yake. Alipoona hakuna aliyemsaidia kucheka, alichukua mkoba wake wa vifaa akaaga. Mama Pacha aliufunga mlango nyuma yake kwa kishindo cha kumfikishia ujumbe hadi barabarani.

Mwanamke aliyeketi pembeni na mkoba mapajani alikuwa amemsikiliza fundi hadi mwisho. Watu walimwita Majivu, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliimaliza akichekecha majivu ya nyumba zilizoungua, ili awaambie watu wa bima kama moto ulizuka au uliwashwa. Sasa alipeleleza mambo ya watu binafsi. Alikuwa na jicho la kuchoka na ulimi usiochoka, na aliamini kwamba kitu kinachoharibika kila mara mwenyewe akiwa na haraka, hakiharibiki chenyewe.

"Niambie unachotaka," alisema.

"Nataka mambo mawili, dada." Mama Pacha aliketi. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu vya shule, maneno na picha, kabla havijakwenda mitamboni, na kazi hiyo aliifanyia katika chumba hiki kidogo. "La kwanza, kitabu hiki cha sayansi kifike kwa wachapishaji Ijumaa jioni. Vile viwili vya kabla yake viliniharibikia mkononi. Wamenivumilia vya kutosha. Safari hii wamesema nikichelewa, kazi anapewa mwingine na mimi nisikanyage tena pale."

"Na la pili?"

"La pili, nataka Koleo atoke nyumba hii na godoro lake kichwani. Mchana. Watu wakiona."

"La pili umelisema kwa raha zaidi."

"Ndilo linalonipa usingizi."

Koleo alikuwa mdogo wa mumewe, fundi redio, aliyeishi chumba cha uani. Mwaka uliopita mama yao alifariki katika chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta huu. Siku hiyo Mama Pacha alikuwa hapa hapa, mlango umefungwa, anafanya kazi. Msibani Koleo alisimama mbele ya watu akasema mama yake amekufa kama asiye na mtu, wakati nyumbani kulikuwa na mkwe mwenye miguu miwili. Maneno hayo hayakuzikwa na marehemu.

"Tangu hapo," Mama Pacha alisema, "kila nikikaribia kumaliza, mashine inakufa. Inakufa nikiwa naihifadhi kazi, na kazi inaharibika nayo. Nakala ninazo, lakini kila nikirudi kwenye nakala nimepoteza kazi ya siku nzima. Watoto wakichezea michezo yao, haizimiki. Huo ni mkono wa mtu. Unataka ushahidi gani tena?"

"Wa kutosha kumtoa mtu na godoro."

Majivu hakuwa na ugomvi na kisasi. Nyumba nyingi alizozichekecha ziliwashwa nacho, na kwa alivyoona yeye, mwenye kisasi ni rahisi kumkamata kuliko mwizi. Mwizi akishamaliza hutaka kuondoka. Mwenye kisasi hutaka kubaki aone.

"Ikienda kwa fundi, inaenda na nini?"

"Inaenda na nini vipi? Inaenda yenyewe. Hilo kasha."

"Skrini?"

"Inabaki."

"Nyaya?"

"Zinabaki. Fundi ana zake."

"Na kile kisanduku cha betri ya akiba hapo chini?"

"Dada, nani anabeba kile kwenda nacho kwa fundi? Kizito kama kinu."

"Ndiyo kawaida yetu," Majivu alisema. "Mgonjwa anapelekwa hospitali, aliyemlisha sumu anaachwa nyumbani alinde mlango. Mgonjwa akirudi mzima, watu wanashangaa kwa nini jioni anaugua tena."

Alimwambia aunganishe kila kitu kama kilivyokuwa, awashe, kisha afungue ile kumbukumbu ya matukio ambayo kompyuta hujiandikia yenyewe. Waliisoma pamoja, Mama Pacha akipitisha kidole kwenye skrini. Kabla ya kila kifo hapakuwa na malalamiko yoyote. Hapakuwa na joto kupita kiasi, hapakuwa na programu iliyokwama. Shughuli za kawaida, kisha kimya, kisha mashine inaamka na kuandika kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu.

"Mashine mgonjwa hulalamika kwanza," Majivu alisema. "Hii haikuugua. Ilipigwa kutoka nyuma."

Aliitoa taa ya mezani kwenye soketi ya ukutani, akaichomeka kwenye kisanduku cha betri, ubavuni mwa kompyuta.

"Ya nini hiyo?"

"Shahidi. Kompyuta ikizimika peke yake, kosa ni la kompyuta. Zikizimika pamoja, kosa liko chini yao. Sasa fanya kazi. Na yeyote atakayeuliza, mwambie unakaribia kumaliza sura."

Wa kwanza kuuliza alikuwa mume. Baba Pacha alikuwa mpima macho, mwenye duka la miwani mtaa wa pili, na adhuhuri alirudi kula nyumbani. Alikuwa mtu mpole wa kukanyaga taratibu, mwenye shati lililopigwa pasi. Alimwamkia Majivu kwa heshima, akaweka glasi ya maji mbele ya mkewe.

"Umefika wapi?"

"Namalizia sura. Nikiiweka picha hii nahifadhi."

"Mungu akusaidie," alisema, akatoka.

Punde si punde Koleo alipita ukumbini akitokea uani, suruali ina mafuta, akachungulia. "Bado haijafa tu?" Hakungoja jibu.

Mama Pacha aliuma meno. Akaweka picha mahali pake, akabonyeza kuhifadhi, na skrini ikawa nyeusi. Taa ya mezani ilikuwa imezimika nayo. Taa ya darini iliendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umeona? Umeona, dada?" Mama Pacha alikuwa ameshasimama.

Majivu hata hakuitazama kompyuta. Aliingia chumba cha pili, cha marehemu. Kitanda kilikuwa kitupu, na juu ya kabati kulikuwa na saa ya umeme ya tarakimu nyekundu, iliyochomekwa ukutani. Saa za aina hiyo hazina kumbukumbu. Ukizikatia umeme husahau kila kitu, na umeme ukirudi huanza kuhesabu kutoka sifuri. Tarakimu zilikuwa zinapepesa. Ilikuwa imeanza kuhesabu sasa hivi.

"Soketi za huku zilikatika," alimwambia Mama Pacha aliyemfuata, "zikarudi hapo hapo. Taa za juu hazikuguswa. Swichi zenu ziko wapi?"

Zilikuwa katika kikabati cha ukumbini. Swichi moja ilihudumia soketi za vyumba vile viwili na si vingine. Kuizima na kuiwasha ni kazi ya muda wa kupiga chafya, na mtu anayepita ukumbini hana haja hata ya kusimama vizuri.

"Lakini betri ya akiba?" Mama Pacha aliuliza. "Si ndiyo kazi yake, umeme ukikatika ishikilie?"

"Tukaiulize."

Walikifungua kisanduku kwa bisibisi. Betri iliyokuwa ndani ilikuwa imechakaa pembeni, na mgongoni ilipigwa msalaba wa rangi nyekundu. Mama Pacha alipiga kofi moja la furaha.

"Koleo! Betri zake zote zilizokufa anazipiga msalaba hivyo hivyo, uani kuna rundo zima. Nilisema mimi! Kaiba yangu nzima, kaniwekea mzoga, halafu anapita hapo anabonyeza. Godoro lake nalibeba mwenyewe."

"Godoro halikimbii," Majivu alisema. "Ngoja nimsikie."

Koleo alikuwa kibarazani mwa chumba chake, redio imefunguliwa tumbo mbele yake. Majivu aliiweka betri mezani.

"Hii ni yako?"

Aliigeuza mara moja. "Yangu. Imekufa. Nimeipiga msalaba mwenyewe. Mmeitoa wapi?"

"Ndani ya kisanduku cha shemeji yako."

Koleo alimtazama, kisha akacheka bila furaha. "Sasa mama, mimi niweke betri mfu na alama yangu mgongoni? Si bora ningeandika na jina? Mtu anayejua betri anaiua ile ile nzima humo humo ndani, na hakuna fundi atakayemshika. Aliyeweka hii hajui hata msalaba una maana gani. Kaona betri ya saizi inaingia, kaingiza."

"Rundo lako unalifungia?"

"Takataka nani anafungia?"

"Unamchukia shemeji yako?"

"Sana," alisema, kama aliyeulizwa kama ameshakula. "Namchukia mchana kweupe, na nimemwambia mbele ya watu. Ningetaka kompyuta yake ife, ningeipiga nyundo akiwa ameketi mbele yake. Mimi siui kwa mafungu. Anayeua kwa mafungu anataka kumwona mtu akiteseka, na ana nafasi ya kumwona kila siku. Mimi naye hata salamu hatupeani."

Jibu lilimpendeza Majivu, lakini jibu la kupendeza si ushahidi. Waongo wazuri alikuwa amekutana nao hadi amewachoka. Alirudi ndani akamkuta Mama Pacha amesimama dirishani akikikodolea chumba cha uani.

"Kakubali?"

"Kakubali kwamba anakuchukia. Mengine bado. Kesho utadanganya. Utaweza?"

"Nikimdanganya Koleo napata thawabu."

"Koleo utamwambia, au utampigia kelele apate kusikia, kwamba kitabu kizima unakihifadhi asubuhi. Mumeo utamwambia ni baada ya alasiri."

Mama Pacha aligeuka. "Kwa nini Baba Pacha? Huyo ndiye ananiletea maji."

"Utamtajia saa tu. Kama hana neno, saa haimdhuru mtu."

Mama Pacha hakulipenda hilo, na alilionyesha kwa namna alivyozipanga upya kalamu zake mezani. Lakini Ijumaa ilikuwa mlangoni, na mtu mwenye Ijumaa mlangoni hachagui dawa. Wakaongeza jambo moja. Walivuta waya mrefu kutoka soketi ya jikoni, yenye swichi yake mwenyewe, wakaupitisha chini ya zulia hadi kwenye kompyuta. Taa ya mezani waliiacha pale pale, kwenye kisanduku chenye betri ya msalaba.

Asubuhi ya Ijumaa Mama Pacha alitangaza kutoka mlango wa jikoni, kwa sauti ya mnada, kwamba leo anamaliza sasa hivi na wenye husuda wapasuke. Koleo hakuinua hata kichwa. Asubuhi ikapita. Taa ya mezani iliwaka tu, na nyundo ndogo ya Koleo iligonga uani bila kukatika.

"Ameshtukia," Mama Pacha alisema. Jambo hilo lilikuwa limemvunja moyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Labda," Majivu alisema. Adhuhuri alikwenda uani akamwomba Koleo aje akae jikoni amwangalizie waya wa umeme usije ukapata joto. Koleo alinung'unika, lakini waya ni waya, akaja na bisibisi yake.

Baada ya alasiri mlango wa mbele ulifunguliwa. Baba Pacha alikuwa amerudi kutoka dukani. Alisema amesahau miwani ya mteja. Alichungulia chumbani kwa mkewe.

"Ndiyo unahifadhi?"

"Sasa hivi."

"Mungu akusaidie."

Akarudisha mlango taratibu. Mama Pacha alibonyeza kuhifadhi, macho yake hayako kwenye skrini. Taa ya mezani ikazimika.

Kompyuta ilibaki inawaka. Kitabu kizima kilikuwa pale, kinahifadhiwa ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Mama Pacha aliitazama ile taa mfu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema. Tatizo ni kwamba hakuna anayependa kujipekua nguo. Majivu alifungua mlango.

Baba Pacha alikuwa mbele ya kikabati, mkono wake bado uko kwenye kile kimlango. Hata hapo alikuwa mtu wa adabu. Alikifunga kwanza, ndipo akageuka. Koleo alikuwa ametokea jikoni na kusimama nyuma yake.

"Baba Pacha," mkewe alisema. "Ni wewe?"

Hakukana. Upole ulimwondoka usoni kama kitu alichokuwa amechoka kukibeba.

"Inauma, siyo? Kitu chako kinakufa umebakiza kidogo tu ukifikie, na hakuna wa kukusaidia. Nilitaka uione hiyo. Nilitaka uione tena na tena hadi wakufukuze, ukose hata hicho ulichokuwa unakifanya siku ile. Mama yangu anakata roho upande ule wa ukuta, na wewe upande huu unapanga picha za vyura."

"Nilimwacha amelala. Nilivaa spika za masikioni, sikumsikia. Nimekuapia mara ngapi?"

"Hukumsikia kwa sababu hukutaka kumsikia! Aliita. Aliita jina lako, si la mwingine. Alisema hewa haiingii, aliomba afunguliwe dirisha. Akaita tena, na sauti imeshapungua, na wewe umekaa tu hapo—"

"Nani amekuambia?"

Mama Pacha aliuliza kwa sauti ya chini sana. Majivu alikuwa amefungua kinywa aulize hilo hilo. Akakifunga, kwa sababu swali lilikuwa limeshamfikia mwenye haki nalo.

"Ameniambia nini?" Baba Pacha aliuliza.

"Dirisha. Nani amekuambia aliomba dirisha? Msibani ulisema ulirudi kutoka dukani ukamkuta ameshapoa. Mimi sikusikia kitu. Koleo alikuwa safarini. Nani alikuwepo, Baba Pacha, wa kuja kukuambia habari ya dirisha?"

Baba Pacha alimtazama mkewe, akamtazama Majivu, akatafuta kitu cha kushika na hakukiona.

"Nilirudi mapema," alisema mwishowe. "Kulikuwa na mpira. Nilikuwa sebuleni. Nilijua yupo Mama Pacha. Si yeye aliyekuwa anaitwa? Nikasema atakwenda. Nikasema dakika hizi mbili ziishe. Nilipokwenda..."

Koleo aliiweka bisibisi chini.

"Ulikaa."

"Nilijua yeye yupo, mdogo wangu."

"Ulimsikia mama anaita, ukakaa. Halafu msibani ukanitazama nikimvua nguo huyu mbele ya ukoo mzima. Ukanishika bega, kaka. Ukaniambia nisiwe mkali." Alinyoosha kidole upande wa uani. "Na betri ukaja kuichukua kwenye rundo langu. Ikigundulika, niwe mimi."

Alitoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba.

"Unampigia nani?"

"Dada mkubwa. Halafu shangazi. Halafu kila aliyekuwa pale nikisema yale maneno. Wote wanisikie tena."

"Usipige." Baba Pacha alipiga hatua, akasimama. Akamgeukia mkewe, na sasa alikuwa anaomba. "Mama Pacha, mwambie. Wewe ukisema atakusikia. Hawatanizika hao, wakijua hawatanizika. Fikiria watoto. Mwambie asipige."

Koleo kweli alikuwa amesita. Alimtazama shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimngoja aseme neno.

Mama Pacha alikuwa ametaka kumwona mtu akitoka na godoro. Alikuwa ameiwaza siku hiyo mpaka akaijua rangi ya shuka. Sasa kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa kizito kuliko godoro, na aliyekistahili alikuwa amesimama mbele yake na shati lake lililopigwa pasi. Raha iliyompanda moyoni ilikuwa mbaya, aliijua kuwa ni mbaya, na hakuona haya nayo hata kidogo.

"Ningemwambia," alisema, "lakini nina kazi."

Alirudi chumbani, akaketi mbele ya skrini. Kitabu kilikuwa kimehifadhiwa. Alikiambatanisha, akaandika anwani ya wachapishaji, akakituma. Hakufunga mlango. Ukumbini simu ilikuwa imeshapokelewa upande wa pili, na Koleo alikuwa anasema taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kukaa:

"Dada, uko na nani hapo? Hapana, wako wazima wote. Keti kwanza."